Chakula Kinachopanda Ngazi

Msomaji aliyezoea kuiona Italia katika picha za majumba ya marumaru, viatu vya ngozi laini na magari ya fahari huenda akastaajabu kuambiwa kwamba katika nchi hiyo, iliyo miongoni mwa mataifa tajiri ya dunia, idara ya takwimu ya serikali ilihesabu mwaka 2023 watu karibu milioni 5 na laki 7 wanaoishi katika ufukara kamili, yaani watu ambao mapato yao hayatoshi kununua vitu ambavyo bila ya hivyo maisha hayana stara. Wengi wao si watu wa kulala barazani. Wana nyumba zenye namba mlangoni, wana watoto waendao skuli, na baadhi yao huamka alfajiri kwenda kazini, walakini ujira ukishalipa kodi ya nyumba na gesi ya kupashia vyumba joto wakati wa baridi, kinachobaki kwa ajili ya jikoni ni akali ya akali. Hawa ndio wanaopigiwa hodi kila mwezi, na pengine kila majuma mawili, na watu wa kujitolea waliobeba boksi la chakula.

Boksi lenyewe halina anasa. Ndani yake hupatikana tambi, mchele, nyanya za kopo, maharagwe na dengu, jodari wa kopo, mafuta, sukari, unga, maziwa ya paketi, biskuti, na pale penye mtoto mchanga, vyakula laini vya vichupa ambavyo bei yake dukani humtoa mzazi jasho. Halitoshi kuilisha nyumba mwezi mzima, wala waliolifunga hawadai hivyo. Faida yake ni kwamba fedha ambazo zingeishia kwenye tambi na mafuta zapata wasaa wa kulipa deni la umeme au kununua miwani ya mtoto asiyeona ubao.

Chakula hiki hutoka wapi? Fikra ya kuweka ghala ambamo wenye ziada hutia na wahitaji huchukua ilianzia Marekani, katika mji wa Phoenix, ambako mwaka 1967 John van Hengel, aliyekuwa akijitolea katika jiko la kuwalisha maskini, alifungua ghala la namna hiyo kwa msaada wa kanisa la mtaani. Fikra hiyo ikavuka bahari, ikafika Paris mwaka 1984, na mwaka 1989 ikaingia Milano kwa mkono wa watu wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja alikuwa Danilo Fossati, tajiri mwenye kampuni ya Star iliyojulikana nchini kote kwa vidonge vyake vya supu. Na wa pili alikuwa padri Luigi Giussani, mwalimu ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa akiwahimiza wanafunzi wake wa Milano waende vijijini kusini mwa mji, wakacheze na watoto wa maskini. Fossati alitaabishwa na jambo ambalo kila mwenye kiwanda cha chakula hulijua na aghalabu hulinyamazia: kwamba chakula kizima, kisicho na dosari ila tarehe iliyokaribia au karatasi iliyochapwa vibaya, huishia jalalani kwa sababu kukitupa ni rahisi kuliko kukigawa. Giussani hakuwa na kiwanda, bali alikuwa na vijana waliokwisha kuzoea kubisha hodi. Kutokana na hao wawili lilizaliwa Banco Alimentare, ambalo leo lina matawi 21 yaliyoenea Italia nzima na kuvilisha vyama vya hisani kwa maelfu.

Tajiri mwenye ghera na padri mwenye vijana wasingefika mbali lau sheria ingebaki ilivyokuwa, kwani mwenye hoteli aliyetaka kutoa chakula kilichosalia aliogopa kushitakiwa iwapo mtu angeugua baada ya chakula hicho kwisha kutoka mikononi mwake. Sheria namba 155 ya mwaka 2003, fupi kiasi cha kusomwa kwa pumzi moja, ilikata mzizi wa hofu hiyo kwa kuamua kwamba chama cha hisani kinachopokea chakula kihesabiwe kama mlaji wa mwisho, na kwamba jukumu la kukihifadhi na kukisafirisha ni la chama, wala si la aliyetoa. Mwaka 2016 ikafuata sheria nyingine, iliyopunguza makaratasi na kuziruhusu halmashauri za miji kumpunguzia kodi ya takataka mfanyabiashara anayetoa badala ya kutupa. Wafaransa, katika mwaka uo huo, walichagua njia ya kuyalazimisha maduka makubwa kufunga mikataba na vyama vya hisani, na kumtoza faini anayekataa. Mimi naiona njia ya Waitaliano kuwa na busara zaidi, kwa kuwa atoaye kwa kuogopa faini hutoa kinachomkera, naye atoaye kwa kuona nafuu huanza kuuliza ni kipi kinachohitajiwa.

Fauka ya ziada ya viwanda na chakula kinachotoka katika mfuko wa Umoja wa Ulaya, kuna siku moja ya Jumamosi katika mwezi wa Novemba, iliyoanza mwaka 1997, ambapo zaidi ya watu laki moja husimama katika milango ya maduka nchini kote na kumwomba kila anayeingia anunue kitu kimoja zaidi. Husimama wanafunzi, makarani, watawa, wastaafu, na askari wazee wa milimani katika kofia zao zenye unyoya mmoja, ambao nadhani hawana mpinzani katika sanaa ya kumfanya mtu aone haya kupita mikono mitupu. Katika miaka ya karibuni siku hiyo moja imekusanya zaidi ya tani 7,000.

Kukusanya, hata hivyo, si kazi ngumu ya mwisho. Vipo vyama vingi vinavyogawa chakula mahali pamoja, na mhitaji hufika, akapanga foleni, akaonyesha karatasi yake, akapewa, akaenda zake. Utaratibu huu ni wa haraka na hauna hila. Lakini vipo pia vikundi vidogo viitwavyo Banchi di Solidarietà, ambavyo vimechagua njia ya taabu: watu wake hupeleka boksi nyumbani kwa mhitaji mwenyewe, aghalabu wawili wawili, baada ya saa za kazi, katika gari zao wenyewe, na kwa kawaida kwa familia ile ile mwezi baada ya mwezi. Mwenye kupenda hesabu atasema kwamba huu ni uharibifu wa petroli, kwani kwa jioni ambayo watu wawili wamezitembelea nyumba tatu, kwenye meza ya kugawia wangeweza kuwahudumia watu mia.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila inaacha nje kitu ambacho watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa, nacho ni sitara. Aliyekuwa fundi mwenye jina mtaani, akafungiwa kiwanda akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, yu radhi kulala na njaa kuliko kuonekana na jirani yake katika foleni ya maskini. Na yule mjane ambaye miguu haimchukui hafiki kwenye foleni hata kama haya imemtoka. Kama vile zaka ya fitri inavyopelekwa kwa mwenyewe kabla ya sala ya Idi ili siku hiyo asitoke kuomba, ndivyo boksi hili linavyopanda ngazi za ghorofa lifti ikiwa mbovu, na jirani anayekutana na wachukuzi wake hana la kudhani ila kwamba ni wageni wamekuja na vitu vya dukani.

Mlango ukifunguka, kazi hubadilika. Karatasi ya chama husema familia ina watu watano. Jikoni ndiko kunakosema kwamba jiko halina gesi tangu juzi, kwamba barua ya mahakama kuhusu kodi imekaa juu ya meza bila ya kufunguliwa, kwamba binti mkubwa ameacha masomo. Basi mmoja husaidia kuisoma ile barua, mwingine amjua mtu anayemtafuta mpishi msaidizi. Wakati mwingine hakuna la kufanya, hunywewa kahawa na watu wakaagana. Mwenye nyumba hudhuriwa sana na kukataliwa kahawa yake, maana ndicho kitu pekee anachoweza kutoa katika muamala huo, na mgeni mwenye haraka anayeikataa kwa kudhani amemhurumia amemrudisha papo hapo katika unyonge alioletewa boksi apate kuusahau.

Hatari ipo nayo, na sitaificha. Mgeni wa kila mwezi mwenye chakula mkononi aweza kugeuka mkaguzi bila ya kukusudia, akaanza kuuliza mbona runinga ni mpya, mbona baba hayupo. Na upo ulalamishi mzito zaidi, wa wale wasemao kwamba kadiri hisani inavyozidi kuwa na nidhamu, ndivyo serikali inavyozidi kupata kisingizio cha kulala. Ulalamishi huu una haki ndani yake, kwa kuwa ujira mdogo na kodi kubwa ya nyumba haviondolewi na kopo la nyanya, na miaka zaidi ya thelathini ya maboksi haikuwazuia maskini wa Italia kuongezeka. Lakini sijaona bado mlalamishi aliyemweleza mama wa watoto watatu ale nini wakati bunge likijadiliana.

Mwezi ulio mgumu kuliko yote ni Agosti. Hapo joto hushuka juu ya Milano kama adhabu, viwanda hufunga, maduka hushusha milango ya chuma, na kila mwenye uwezo hukimbilia baharini au milimani, watu wa kujitolea wakiwamo, kwani nao wana watoto na likizo zao. Mhitaji habanduki, yu pale pale ghorofa ya tano, na watoto wake, ambao wakati wa masomo hula mlo wa mchana skulini, sasa wala milo yote nyumbani. Kwa hiyo mnamo Julai wenye kupanga zamu hukaa na orodha na kalamu, wakiuliza nani anabaki mjini, nani anarudi mapema, na nani aweza kuongezewa familia mbili hadi Septemba.