Nuru ya Nyota Isiyotufikia

Usiku usio na mbalamwezi, mtu asimamaye pwani ya Ujiji huona taa nyingi ziwani. Hizo ni za wavuvi; dagaa huvutwa na nuru, wakaja juu. Lakini Ziwa Tanganyika lina kina kipatacho mita 1,470, wala nuru ya taa haifiki chini. Samaki akaaye huko asingejua kamwe kuwa juu kuna taa. (Kwa kweli hakuna samaki huko, maana maji yale hayana hewa.)

Nasi twakaa chini ya ziwa, ila ziwa letu ni la hewa. Mmeuona upinde wa mvua: rangi yake ya ndani kabisa ni ya zambarau. Kupita rangi hiyo iko nuru isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Nyota zenye moto mkali kuliko jua huitoa kwa wingi. Basi asiyeipata nuru hiyo amezijua nusu tu. Walakini huko juu, hasa kati ya kilometa 15 na 35, imo gesi iitwayo ozoni, nayo huizuia. Tusiilaumu. Nuru hiyo hiyo ya jua huunguza ngozi na macho. Hata kidogo kipenyacho huwadhuru sana watu wenye ualbino wasipojifunika.

Wataalamu walifanyaje? Walitumia baluni, mfuko mkubwa mwembamba wenye gesi ya heli, iliyo nyepesi kuliko hewa. Eropleni za abiria huruka kilometa 10 au 12. Baluni hupanda hata 40. Ikiondoka hulegea kama gunia lisilojaa, lakini kule juu hewa ni haba, nayo huvimba ikawa kama nyumba kubwa. Wafaransa na Waswisi walipandisha hivyo darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 40, ikapiga picha za nyota kwa nuru ya urujuanimno.

Lakini kilometa 40 si mwisho wa hewa. Nyota nyingine hutoa eksirei, mionzi kama ile ipigayo picha za mifupa hospitalini, na nyingi yake huzuiwa juu zaidi ya hapo. Basi tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ikapeleka chombo cha Wamarekani kilometa zaidi ya 500 juu. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba tangu kujitawala, ndiyo sababu chombo kikaitwa Uhuru. Kilifanya kazi hata mwaka 1973, na katika orodha yake zikaandikwa asili 339 za eksirei mbinguni.