Damu Imeacha Kutoka, Mbona Niendelee na Mionzi?

Leo nitajibu swali ambalo akina mama wanaotibiwa saratani ya mlango wa kizazi huniuliza sana: "Sista, damu imeacha kutoka. Mbona niendelee kuchomwa?"

Chembechembe za mwili hujigawa ili kuchukua nafasi ya zilizokufa. Ndani yake mna nyuzi zinazobeba urithi, na kwenye ncha za nyuzi hizo mna kinga iitwayo telomea. Kila chembe inapojigawa telomea hufupika, kama penseli ya mtoto inavyofupika ikichongwa. Ikiwa fupi mno, chembe huacha kujigawa.

Saratani haifuati mpango huo. Chembe zake nyingi huwasha kimeng'enya kiitwacho telomerasi, ambacho huirefusha tena ile ncha. Hata virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, vina protini inayowasha telomerasi. Basi penseli inachongwa kila siku na haiishi!

Mionzi hukata nyuzi hizo, na chembe iliyokatwa vibaya hufa inapojaribu kujigawa. Lakini si zote zinazokufa kwa siku moja. Katika maabara imeonekana kwamba chembe zenye telomea ndefu mara nyingi hustahimili mionzi kuliko zenye telomea fupi. Dozi hugawanywa, kwa kawaida siku 5 kwa wiki kwa muda wa wiki 5 hivi, kisha mionzi ya ndani. Mapumziko ya katikati huzipa chembe nzima nafasi ya kujirekebisha. Matibabu yote yafaa kumalizika ndani ya wiki 8.

Damu kukoma ni dalili njema, lakini si kupona. Nilimhudumia mama aliyeacha matibabu wiki ya tatu akaenda kupanda mahindi. Aliporudi, uvimbe ulikuwa umekua tena. Sikumlaumu, shamba halingoji, na nauli nayo ilikuwa imemwishia.

Kwa hiyo wewe unayemuuguza, tafuta mapema nauli ya wiki zote, na mtu wa kubaki na watoto. Akiharisha au kuchoka sana, mwambie daktari siku hiyo hiyo, asikae nyumbani kimya. Na mashine ikiharibika, usiondoke kabla ya kuuliza siku hizo zitafidiwa lini.