Kabla ya Elsa, Kulikuwa na Maua

Mtaje Joy Adamson popote Kenya, jibu ni moja: Elsa. Simba jike aliyelelewa nyumbani kisha akarudishwa porini amemfunika mama huyu gubigubi. Kitabu cha Born Free kilitoka 1960, filamu ikafuata 1966, na brashi zake zikasahaulika. Hapo naona tumepunjwa. Elsa alizaliwa 1956. Miaka tisa kabla ya hapo, Joy alikuwa ameshatunukiwa medali ya dhahabu ya Grenfell na Royal Horticultural Society ya Uingereza, kwa michoro yake ya maua.

Alizaliwa 1910 huko Troppau, mji ambao leo ni Opava, Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1937 alipanda meli kuja Kenya, na humo melini akakutana na Mswisi mmoja, Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Mwaka uliofuata wakaoana. Bwana alikusanya mimea, bibi akaichora. Ndoa haikufika mbali (1944 Joy aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori), lakini mkono ulikuwa umeshazoea kazi.

Na ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana ukutani. Ua likishachumwa, saa zake zinahesabika. Mchoraji huanza na rangi, maana ndiyo inayotoroka kwanza. Majani na shina vinaweza kungoja kidogo. Kisha huja vipimo: urefu wa jani, idadi ya petali, vinyweleo vya shina, namna jani linavyoshika tawi. Ua jingine hupasuliwa katikati ili sehemu za ndani zichorwe kwa ukubwa unaoonekana. Kama msimu wa matunda haujafika, nafasi huachwa wazi kwenye karatasi, na tunda huongezwa miezi kadhaa baadaye. Ndiyo sababu mmea mmoja, kwenye ukurasa mmoja, unachanua na kuzaa kwa pamoja. Jani lililotobolewa na mdudu huchorwa zima.

Kuna wanaouliza: kwa nini kuhangaika hivyo wakati kamera ipo? Kwa sababu kamera ni mkweli kupita kiasi. Inakupa mmea ule, siku ile, pamoja na kovu lake na kivuli kilichoupitia. Mtaalamu anayetaka kutofautisha spishi mbili zinazofanana anahitaji mmea usio wa siku yoyote, wenye kila alama ya ukoo wake na bila ajali za maisha yake.

Ndiyo maana Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, imejaa michoro ya wino mweusi. Inaeleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Mingi ya mimea iliyochorwa humo ilichorwa ikiwa imekauka, kwenye bustani ya Kew, London: ua kavu lililowekwa kwenye karatasi huchemshwa kidogo lilainike, kisha hufunguliwa taratibu chini ya hadubini. Mtu angeweza kuchora ua la Usambara kwa usahihi wote bila kukanyaga Lushoto. Joy alikuwa na bahati ya kuchora mimea ikiwa bado na umande.

Kisha mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi nyingine: awachore watu wa Kenya katika mavazi na mapambo yao ya jadi kabla hayajapotea. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa na kutoa mamia ya picha. Nyingi zimo kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi, na kitabu chake, The Peoples of Kenya, kilitoka 1967. Ukizitazama utaona jicho lilelile la maua. Shanga zimehesabiwa, manyoya yamenyooka, kila pambo liko mahali pake. Anayetafiti mapambo ana hazina hapo.

Lakini mimi picha hizo hunisumbua. Ua moja linaweza kusimama kwa niaba ya spishi nzima bila kudhulumiwa. Mzee aliyeketi mbele ya Joy na mkuki alikuwa na deni, na wajukuu, na pengine kiu ya jua la mchana, na hayo yote ni zile ajali za maisha ambazo mkono wa mchoraji ulikuwa umefunzwa kuziacha nje ya karatasi.