Samaki wa Kaisari na mafumbo ya Juvenal

Baraza la Kaisari Domitian limeitwa kwa dharura. Wazee wanakimbilia ikulu, mmoja joho amelikwapua tu, wakidhani labda mpakani na Wajerumani mambo yameharibika. Kumbe ajenda ni samaki. Ni mkubwa mno, hakuna chombo cha kumtosha. Akatwe vipande au vipi?

Hicho ndicho kisa cha Satira ya 4 ya Juvenal, mshairi wa Roma. Ukitaka, cheka upite. Ila mtazame vizuri mvuvi. Kamvua samaki bapa (fikiria gayogayo aliyepitiliza) karibu na Ancona, lakini hathubutu kumuuza. Pwani imejaa wapelelezi, na watadai samaki alitoroka kwenye mabwawa ya Kaisari. Bora ampeleke mwenyewe kama zawadi. Neno "dhuluma" halina haja ya kutajwa. Umeshaelewa mali ya mtu ilikuwa na usalama gani enzi hizo, mwaka 81 hadi 96.

Halafu washauri. Veiento anatabiri kwamba samaki ni dalili ya ushindi mkubwa vitani. Catullus Messalinus anamsifia kuliko wote, huku amegeukia kushoto. Samaki yuko mkono wa kulia. Mzee ni kipofu. Kichekesho, sawa, lakini Warumi walimjua kama mtu wa kuogopwa, aliyechongea watu. Tena kuna fumbo la pili: Statius alikuwa ameshatunga shairi la kusifu vita vya Domitian huko Ujerumani, na katika mistari michache iliyosalia Veiento yumo. Juvenal kalichukua baraza lile la vita, kaliketisha mbele ya samaki.

Ujasiri? Kwa maoni yangu si huo wa kumsema Domitian, maana alikuwa ameshauawa. Alipokuwa hai, anaeleza Suetonius, Hermogenes wa Tarso aliuawa kwa mafumbo ndani ya kitabu chake cha historia, na walionakili kitabu wakasulubiwa.

Wenye kuchomwa na shairi walikuwa wengine. Pliny anasimulia karamu ya Nerva, kaisari aliyefuata. Veiento alikuwepo, tena kaegemea karibu kabisa na mwenyeji wake. Mazungumzo yakamfikia Messalinus, marehemu tayari, na Nerva akauliza yangemkuta yapi kama angekuwa hai. Junius Mauricus akajibu kwamba angekuwa hapo hapo, anakula nao.