Uhuru Uliohitaji Ndugu

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri iliyoondoa nguvu ya sheria ya utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumwacha mtu huru papo hapo. Mtumwa aliyeutaka uhuru wake ilimbidi aende mwenyewe kuuomba mahakamani. Bwana wake akithibitisha kwamba alimmiliki kihalali kwa sheria za siku zile, alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu. Masuria walibaki nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Tena palikuwa na sharti lililowabana wengi: mwenye kuomba uhuru aonyeshe kwamba ana makazi yanayojulikana na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji.

Sharti hilo laweza kupita machoni pa msomaji kama jambo dogo la karani, lakini ndani yake mna shida yote ya mtu aliyeachwa huru. Makazi Pemba hayakuwa nyumba tu. Katika vijiji vya kisiwa hicho, Mgogoni kikiwa kimojawapo, mtu hujulikana kwa wazee wake: fulani bin fulani, wa mtaa fulani, ambaye babu yake aliupanda mkarafuu ule pale. Ardhi, mchumba, msaada wa msiba na hata mahali pa kuzikwa vilipitia kwa jamaa. Mtumwa alikuwa ametengwa na hayo yote. Wengi walikuwa wametolewa pande za Ziwa Nyasa na Umanyema wakiwa watoto, wakavushwa bahari usiku katika majahazi, na majina waliyopewa na mama zao yakafunikwa na mengine. Uhuru ulipokuja uliwakuta na mikono yenye kazi, bila ukoo.

Pemba ndipo jambo hili lilipokuwa zito zaidi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuinusuru Pemba. Tangu hapo kisiwa hicho kikawa ndicho mzalishaji mkuu wa karafuu, na mashamba yake yakazidi kudai watu wa kupalilia, kuchuma na kuanika. Soko la watumwa la mjini Zanzibar lilipofungwa Juni 1873, biashara haikufa. Ilihamia vichochoroni, na majahazi yakaendelea kushusha watu kwa siri katika hori za Pemba.

Wengi wa walioachwa huru hawakwenda mbali. Walibaki mashambani kwa mapatano mapya na mabwana wao wa zamani, wakapewa pahali pa kulima muhogo kwa kubadilishana na siku kadhaa za kazi. Wengi walikuwa Waislamu au wakawa Waislamu, na katika msikiti na tarika walipata udugu ambao shamba lilikuwa limewanyima. Hilo lastahili kusemwa wazi, kwa kuwa Pemba ilikuwa na ingali kisiwa cha Waislamu, na habari ya Wakristo wake ni habari ya watu wachache. Lakini uchache wa watu haufanyi walichokipata kiwe kidogo.

Katika mwaka uleule wa 1897 walifika Pemba watu wa Jumuiya ya Marafiki, wanaojulikana pia kama Wakweka, wakiongozwa na Mwingereza Theodore Burtt. Walinunua shamba la karafuu Banani, karibu na Chake Chake, wakalifanya kituo. Wakweka hawakuwa wageni katika vita dhidi ya utumwa. Kamati iliyoundwa London mwaka 1787 kupiga vita biashara hiyo ilikuwa na wajumbe 12 wa mwanzo, na 9 kati yao walikuwa Wakweka. Ibada yao haina padri wala altare. Watu hukaa pamoja kimya, na anayesukumwa rohoni husimama akasema. Mtu aliyeishi maisha yake yote akipewa amri alikaa katika kimya kile bega kwa bega na Mzungu, na zamu ya kusema ilikuwa yake sawa na ya mwingine. Siku za kazi alichuma karafuu kwa ujira. Kwa hiyo Banani ilimpa kile hasa ambacho amri ya Sultani ilikidai, yaani makazi na riziki, ikamwongezea watu wa kukaa nao.

Wakristo wa Anglikana walikuja Pemba wakiwa na uzoefu wa miaka zaidi ya 30 huko Unguja. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyofahamika kwa herufi zake UMCA, ilifika mjini Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa misheni na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja la ushemasi mwaka 1879. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji, na baadaye familia za walioachwa huru zikagawiwa nyumba na viwanja hapo. Shule ya wasichana ya Mbweni iliongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Hata kamishna aliyesimamia kesi za uhuru Pemba baada ya amri ya 1897, J. P. Farler, alikuwa kabla ya hapo mmishonari wa UMCA huko Magila, upande wa Usambara.

Ni nini basi kilichofanyika ndani ya jumuiya hizo hata mtu akayaita maisha yake mapya? Jibu halimo katika mahubiri peke yake. Katika makanisa yenye ubatizo, jambo la kwanza ni jina. Mtu alibatizwa akiitwa kwa jina lake mbele ya watu, na wasimamizi wakasimama naye, wakajifunga kumwangalia kama mtoto wao. Kwa Mkristo wa kuzaliwa huenda hiyo ikawa desturi tu. Kwa mtu asiyejua baba yake alikufa wapi, msimamizi wa ubatizo alikuwa mwanzo wa ukoo. Alipooa, kuna waliosimama upande wake. Alipougua, kuna waliogonga mlango. Alipokufa alichimbiwa kaburi na watu waliomwita ndugu. Neno hilo “ndugu” huwachosha wengine kwa kusemwa mno makanisani. Pale Mbweni lilikuwa na maana yake kamili.

Maandiko nayo yalisomwa kwa masikio mengine. Habari za Waisraeli kutolewa Misri hazikuwa mfano wa mbali kwa watu waliokuwa wamefungwa kongwa wao wenyewe. Waraka mfupi wa Mtume Paulo kwa Filemoni, unaomsihi ampokee Onesimo mtumwa wake kama ndugu, ulizungumza moja kwa moja na visiwa vya karafuu. Na haya yote yalisikika kwa Kiswahili. Edward Steere, aliyemfuata Tozer katika uaskofu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukichunguza Kiswahili cha Unguja na kutafsiri Maandiko, akisaidiwa na wenyeji wa lugha. Mnyasa, Myao na Mmanyema waliokutanishwa na utumwa walipata katika lugha hiyo njia ya kuomba pamoja.

Shukrani ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu zaidi. Kwa desturi ya zamani, mtumwa aliyeachwa huru aliendelea kuwa na deni la heshima kwa aliyemwacha, na shukrani yake ilikuwa kamba ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza. Imani ya Kikristo iliielekeza shukrani kwingine. Chakula kitakatifu cha kanisa huitwa Ekaristi, neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani, na hutolewa kwa Mungu na wote waliopo, aliyekuwa bwana na aliyekuwa mtumwa wakipokea mkate mmoja. Anayemshukuru Mungu kwa uhuru wake hana mwanadamu wa kumdai. Hapa ndipo shukrani na uhuru vinapokutana, na ni fundisho lenye nguvu kubwa kuliko linavyotiliwa maanani.

Wamishonari wenyewe hawakulifuata fundisho hilo sikuzote. Wapo waliotaka washukuriwe wao. Vituo vya misheni viliendeshwa kwa sheria kali, na huko Freretown, kijiji cha walioachwa huru kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, adhabu za viboko zilizusha malalamiko makubwa. Waafrika walioongoza kanisa walicheleweshwa vyeo. Nje ya misheni, jina “watu wa misheni” lilitamkwa na wengine kwa dharau, kuwakumbusha asili yao. Ushirika ulidumu kwa sababu ulikuwa umeshakuwa mali ya waumini wenyewe. Rabai, nyuma ya Mombasa, viongozi Waafrika kama William Jones waliwapokea watoro kutoka mashamba ya pwani ingawa wakubwa wa misheni walihofia ugomvi, na Januari 1889 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ililazimika kuwalipa mabwana ili watoro wapatao 1,400 wapewe hati za uhuru. Miaka mingi baadaye James Mbotela, mwana wa mmoja wa watu wa Freretown, aliandika habari za wazee wake katika kitabu *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa mwaka 1934.

Tumaini lilionekana vizuri zaidi katika safari ya Cecil Majaliwa. Aliletwa Zanzibar akiwa mtoto mtumwa kutoka kwa Wayao, akasoma katika shule ya UMCA huko Kiungani, akamwoa Lucy Magombeani wa Mbweni. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kuwahudumia Wayao, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Mtu aliyevushwa bahari kama bidhaa alirudi bara akiwa na mke, watoto na wito. Tumaini la Kikristo, linalojengwa juu ya ufufuo, si kungoja mambo ya mbinguni tu. Majaliwa aliliishi kwa miguu yake, akirudi walikotoka waliopotea.

Utaratibu huohuo wa kupeana ukoo ulizaliwa tena baadaye kwa sura nyingine. Mwamko wa Kiroho uliotokea Rwanda na Uganda miaka ya 1930 uliwafundisha Wakristo kuungama waziwazi na kutembea pamoja kama ndugu, ukasambaa hadi Tanganyika na Kenya. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa kanisa, ili nyumba chache za jirani zikutane kila juma, zisome Maandiko na kujua nani mgonjwa na nani hana chakula. Pemba ya leo Wakristo ni wachache, wengi wao ni watu wa bara waliokuja kwa kazi za ualimu, polisi, hospitali au biashara. Mtu wa namna hiyo akifiwa mbali na kwao, wale anaosali nao Wete au Chake Chake ndio jamaa yake wa karibu, pamoja na jirani Mwislamu anayekuja kukaa matangani bila kuulizwa dini.

Mjini Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa Mkunazini, limesimama kanisa kuu lililowekewa jiwe la msingi Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa. Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi wake, alikufa mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare hiyo kuna duara la marumaru sakafuni, linaloonyesha mahali panaposemwa kuwa watumwa walifungwa na kuchapwa. Waumini wanaokwenda kupokea Ekaristi hupita hapo.