Kumpeleka Kijana Soba Dar es Salaam: Yapi ya Kuuliza Kabla ya Kulipa?



Masuali tunayopokea kutoka Unguja na Pemba kuhusu unga yanafanana sana. Kijana alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akaishia maskani za Tandika au Manzese. Familia imeletewa habari ya nyumba ya soba, pengine Mbagala, pengine Bunju, na wenyewe wanataka fedha za miezi minne kwa mkupuo. Wengine kijana wao hajatoka kisiwani, ila wanataka kumvusha kwa boti ya asubuhi ili majirani wasijue. Wote wanauliza: tulipe? Na ile methadoni inayotolewa hospitali, si ulevi kwa jina jengine?

Kwanza tuelewane ni kitu gani kinacholipiwa. Nyumba ya soba, ambayo serikali huiita nyumba ya upataji nafuu, si hospitali. Aghlabu huendeshwa na watu waliowahi kutumia wakaacha, na mafunzo yake ni zile hatua kumi na mbili zilizoanzia Marekani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya walevi wa pombe. Kijana hukaa mbali na maskani, hula, hulala kwa wakati, husikiliza wenzake. Hilo lina kheri, nasi tunawajua waliotoka huko wakarudi kazini na wakaoa. Lakini anayekuuzia malazi na nasaha asikuuzie kwa jina la tiba.

Shida huanza siku za mwanzo. Arosto ya unga huanza saa chache tu baada ya kete ya mwisho, hupanda siku ya pili na ya tatu, kisha hutulia ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwa kawaida haiui, isipokuwa kutapika na kuharisha kukimkausha maji asiye na wa kumtazama. Alozoea pombe au vidonge vya valiamu, huyo ni jambo jengine: akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege na kufa. Vijana wengi huchanganya vyote viwili na hawasemi. Basi nyumba isiyo na daktari wala muuguzi wa kumwita, na isiyomuuliza kijana anatumia nini na nini, inacheza na roho ya mtu.

Ndiyo maana suali la kwanza kwa mwenye nyumba lisiwe bei. Muulizeni: usiku akizidiwa anapelekwa wapi, na kwa gari gani? Nani aliyesomea utabibu anayefika hapa? Mmesajiliwa, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inawatambua? Na suali ambalo wazazi huliona haya: mlango unafungwa kwa kufuli? Anapigwa? Tunaweza kumtembelea bila kupiga simu kwanza?

Msichukulie kuwa nyumba yenye sura ya dini imeepukana na hayo. Mwezi wa Septemba 2019, huko Kaduna, Nigeria, polisi waliingia katika nyumba iliyojiita ya kusomesha Qur-aan na kurekebisha tabia, wakakuta zaidi ya watu 300, wanaume na watoto, wengi wamefungwa minyororo. Baadhi ya wazazi walikuwa wakilipa, wakiamini watoto wao wako katika malezi mema. Mtoto ni amana. Kumkabidhi kwa mtu usiyemjua, kisha usiende kumtazama miezi minne, si kutekeleza amana hiyo hata kama ada imelipwa kwa wakati.

Upande wa mkataba, Shari'ah inataka kazi inayolipiwa ijulikane: ni malazi, ni chakula, ni darsa, kwa muda gani, na akitoroka wiki ya pili fedha zinarudi kiasi gani. Andikeni. Anayesema "nakuhakikishia ataacha" ameuza kisichokuwa mikononi mwake. Na ipo Hadiyth aliyoipokea Abu Daawuud inayomtwika dhamana mwenye kutibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu. Kwa hiyo anayetoa vidonge asivyovielewa akamdhuru mgonjwa hawezi kujitetea kwa nia njema.

Sasa methadoni. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni, kisha Temeke. Unguja nako ipo Kidongo Chekundu tangu 2015, kwa hiyo aliye Unguja hana sababu ya kuvuka bahari kwa ajili yake. Ni dawa ya maji, aghlabu hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, bila ya malipo. Iko katika jamii moja na unga, hilo ni kweli, lakini kipimo kinapokuwa sawa haimleweshi aliyezoea. Humwondoshea arosto kwa siku nzima, akaweza kufanya kazi na kuswali akili yake ikiwa timamu.

Maulamaa wamelizungumza jambo la namna hii zamani. Imaam An-Nawawiy, ambaye sisi watu wa visiwani tunamfuata katika mengi, ametaja kuwa lililo sahihi zaidi ni kujuzu kutumia kinachoondosha akili, kisichokuwa pombe, pale mgonjwa anapokatwa kiungo kilichooza. Hapa akili haiondoshwi, bali inarudishwa. Hivyo tunaona inajuzu kwa maelekezo ya daktari, kwa kipimo chake, na si kwa kununua mtaani wala kuchanganya na pombe au valiamu, mchanganyiko ambao huua.

Katika Ramadhaan, kuinywa mchana kunabatilisha funga. Kliniki ikiweza kumpa baada ya Magharibi, afunge. Ikiwa haiwezekani na daktari anaona akikosa atarudi kwenye unga, huyo ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul-Baqarah, aya ya 184. Asiachishwe dawa kwa kuonewa haya. Suala la kulipa siku hizo au kutoa fidya alipeleke kwa shekhe wake pamoja na maelezo ya daktari, maana wagonjwa hawalingani.

Dawa ni bure, nauli si bure. Anayekaa mbali na kliniki aghlabu hupanda daladala kwenda na kurudi kila siku, naye hana kazi. Wengi hukatika hapo. Tunachangishana mazulia ya msikiti kwa wiki moja yakatimia, lakini nauli ya kijana huyu hatujawahi kusikia ikitangazwa baada ya Ijumaa. Fakiri anastahiki Zakaah, na akichelewa kuaminika na fedha mkononi, basi alipiwe nauli hiyo na mtu anayefuatana naye.

La mwisho ndilo tunalowaomba wazazi mlishike zaidi. Siku ya hatari kubwa ni ile ya kutoka soba. Mwili uliokaa miezi bila unga umesahau kiasi ulichozoea. Kijana akirudia kete zile zile za zamani, hata mara moja tu, pumzi inaweza kukatika. Familia imeshasherehekea, imempa chumba cha peke yake na simu mpya, na hakuna aliyemwambia. Mwambieni waziwazi kabla hajatoka, na asilale peke yake wiki za mwanzo. Akikutwa hazinduki, midomo imebadilika rangi, pumzi zinakuja moja moja, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali, na daktari aambiwe hapo hapo kuwa ametumia unga, kwani ipo dawa ya kuupindua. Msimwambie daktari ni malaria kwa kuona aibu.

Na Allaah Anajua zaidi.