Je, maharage ya posho yanaleta uvimbe kwenye titi?

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunasema kwa sauti jambo ambalo sisi wadada tunanong'onezana tu bombani: uvimbe kwenye titi.

Juzi mama mmoja alinishika mkono kwenye foleni ya posho. Binti yake wa miaka 17 amegusa kitu kama gololi ndani ya titi. Majirani wamemwambia ni maharage ya posho. Basi msichana ameyaacha, anakula ugali kwa chumvi. Niliumia, maana kwenye kile kikapu maharage ndiyo yanayomjenga.

Kwa umri wake, uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ule unaowapata sana vijana unaitwa faibroadenoma. Ni kama kipande cha mpira, ukiugusa unateleza, na mara nyingi hauumi. Wanawake wa miaka 35 hadi 50 hupata pia vifuko vya maji, ambavyo huweza kuuma hedhi ikikaribia. Homoni za mwili zinahusika sana hapo.

Na chakula je? Kule Marekani, kuanzia mwaka 1996, watafiti waliwafuatilia wasichana zaidi ya 9,000 wenye miaka 9 hadi 15, wakiwauliza wanakula nini. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliokula karanga na jamii ya njugu, au siagi ya karanga, mara mbili kwa wiki, uwezekano wao wa kupata uvimbe na magonjwa ya titi yasiyo saratani kufikia miaka 30 ulikuwa mdogo kwa asilimia 39 kuliko wasiokula. Maharage, dengu, soya na mahindi navyo vilielekea upande huohuo. Umesikia? Maharage na mahindi!

Tusitie chumvi lakini. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba karanga ndizo zilizowakinga. Huenda walikuwa na tabia nyingine njema. Ila hakuna humo sababu ya kumfanya msichana aogope maharage. Pombe ndiyo ya kuogopwa: wasichana wanaoianza mapema wameonekana kupata zaidi magonjwa haya ya titi. Kahawa inalaumiwa sana, lakini haijathibitishwa kuleta uvimbe.

Jambo moja nilimkazia yule mama. Uvimbe ukishakuwepo, hakuna chakula wala dawa ya majani ya kuuyeyusha. Usiukande, usiuchanje. Nenda zahanati, hata kama hauumi, kwa sababu mkono wa jirani hauwezi kutofautisha uvimbe salama na saratani. Huko wataupima, na ikibidi watakuandikia rufaa. Chuchu ikitoa damu, ngozi ikiingia ndani au ikiwa kama ganda la chungwa, au ukigusa uvimbe kwapani, usingoje wiki ijayo. Na wewe unayenyonyesha, titi likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda leo.

Mama akasema wataondoka alfajiri. Akageuka tena: "Mwanangu, usiku huu ale maharage?"

Nikamwambia ale, mama, tena na lengalenga.

(MUZIKI UNAPANDA)